Nani Mkaaji wa Njia-Mbili?

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Kuku wa paroko wamekula soko letu!

Niandike haraka, mbavu bado zinaniuma kwa kucheka. Leo ulikuwa mkutano wa proje, katika ukumbi wa parokia. Wanataka kujenga senta huku kwetu Njia-Mbili, mwisho wa Mikelenge, pembeni ya mji wa Kindu, pale mashamba yanapoanza kugeuka nyumba. Soko, maji, dispanseri, barabara iliyonyooka — ili mtu asipande moto, yaani pikipiki, mpaka mjini kwa ajili ya vidonge vya kichwa. Enjenia Axel, kijana wa Kinshasa mwenye miwani, alichora kartie nzima, yaani mtaa wetu wote, kwa chaki juu ya sakafu. Barabara kubwa. Shule. Msikiti. Mstari wa maduka yetu. Halafu akatugawia mbegu. Mahindi ni soko, maharagi ni maji, karanga ni dispanseri. Kokoto ni "plasi", yaani mahali pa watu kukaa tu, bila kuuza wala kununua. Kila mmoja aweke mbegu zake anapotaka. Wazee walinuna: mchezo wa watoto! Muda si muda walikuwa wanapigana viwiko juu ya chaki.

Tukatoka kunywa soda. Kurudi — kuku ndani ya ukumbi, mahindi yamekwisha. Maharagi hawakugusa.

"Njo vile," Mwavita, muuzaji wa barazani kwangu, akasema, "maji tutapata, soko hapana."

Tukaanza upya. Axel hakukasirika. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba senta hii haitachorwa na watu wa ofisi, mutaichora ninyi wenyewe. Nilimpenda hapo hapo.

Mwishoni wakatafuta watu wa komite. Wanawake wa biashara watoe mmoja. Mwavita njo aliyeita jina langu, kwa sauti ile yake ya kuuzia sombe, majani ya mihogo: "Mama Marceline! Yeye haogope muntu!" Wakapiga makofi. Mimi, Munande wa Lubero kule Kivu, muuza misumari na mabati — wakanipigia makofi!

Nyumbani mume wangu Jean-Bosco hakucheka.

"Nani alikutuma? Sisi huku tuko wageni, Mama Annie. Mugeni anauzisha, analipa taxe, ananyamaza."

"Tangu elfu mbili na sita? Mugeni gani huyo asiyeisha kuwa mugeni?"

Akafungua redio.

Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Wametupa tisheti. Nyeupe, kifuani imeandikwa MJI WETU, SAUTI YETU. Yangu inanibana. Nimeivaa dukani kutwa nzima kama bibi arusi. Jean-Bosco alijifanya haoni.

Mwavita aliivuta pindo, akaisugua kwa vidole, akasema maandishi yatachuja rangi. Yeye anauzia barazani kwangu tangu tulipofika Kindu: sombe, mchele, mihogo ya shamba lake. Mvua ikinyesha anaingiza mabeseni yake ndani bila kuuliza. Mjane, Mwislamu, watu wake wametoka Kibombo. Mimi Mkatoliki wa milimani. Tunagombana kuhusu kila kitu, hata jinsi ya kupika mchele.

Mwaka 2011, mwanangu Dieumerci alipokufa kwa homa, sikuwa na ndugu hata mmoja katika mji huu. Mwavita njo aliyemwogesha. Mimi sikuweza kumgusa. Sijapata kumwambia asante kwa hilo. Nikianza, mdomo unakataa.

Jumanne, 5 Novemba 2024

Kelele! Komite karibu ivunjike. Swali: soko likae wapi? Okito, shefu wa kartie, aliweka kidole juu ya karatasi: hapa. Hapa ni shamba la Mwavita. Liko karibu na njia, ardhi ni tambarare, na mwenyewe ni mwanamke asiye na bwana. Hilo la mwisho hakulisema, lakini lilikuwa limekaa mezani pamoja na sisi.

Nikasema hapana. Nikasema kuna konsesioni, ile ardhi ya kampuni ya zamani ya pamba, ng'ambo ya barabara, majani matupu, mbuzi tu wanaifaidi. Soko liende kule. Na watu wengi waliweka mahindi kule, Shefu, mara zote mbili, kabla ya kuku na baada ya kuku! Wakacheka, wakaniitikia. Hata imamu aliitikia.

Okito akajifuta uso. "Mahali pale iko na mwenyewe."

"Nani?"

"Iko na mwenyewe."

Jina hakutoa. Axel akamwuliza hati za huyo mwenyewe ziko wapi. Okito akajifuta uso tena. Basi Axel akaandika: soko — konsesioni.

Nimeshinda! Mwavita aliposikia alipika wali wa nazi, akaniletea sufuria nzima, na akaniambia nisimrudishie ikiwa chafu kama kawaida yangu.

Jean-Bosco anasema sikushinda kitu. Nimejulikana tu.

Ijumaa, 20 Desemba 2024

Biashara nzuri. Malori yalikuja kuchukua simenti, yote niliyokuwa nayo. Dreva hakubishana bei hata kidogo. Ni ya kazi gani? "Ya mukubwa." Sikuuliza mukubwa gani. Krismasi imekaribia, nani anauliza?

Axel alipita na kamera. Akanishikisha mahindi kiganjani, akanichekesha makusudi kwa hadithi ya kuku, akapiga. Meno yote nje! Anasema ni ya ripoti. Mwaka mpya plani itapanda kwa wakubwa, itarudi na mihuri.

Binti yetu Annie alipiga simu kutoka Kisangani, mitihani imekwisha. Nilimwambia: ukija likizo kubwa utakuta tumeanza kuchimba. Akasema, mama, unaongea kama meya. Nimelala na neno hilo kichwani, tamu kama pipi.

Jumatatu, 27 Januari 2025

Goma imeanguka mikononi mwa waasi.

Simu ya dada yangu Françoise haipiti. Haipiti. Haipiti.

Alhamisi, 30 Januari 2025

Françoise yuko hai. Sauti ya mtu aliyekaa chini ya kitanda. Watoto wako naye. Duka lake la vitambaa limebebwa lote, mpaka rafu. Nilishukuru Mungu, nikanawa uso, nikafungua duka.

Mteja wa kwanza: mwalimu wa hapa shuleni, mtu ninayemsalimia kila asubuhi. Alisimama katikati ya duka, mikono mfukoni.

"Ninyi watu wa Kivu mumeuza Goma. Sasa munataka kuuza Kindu?"

Nilidhani anatania. Nikangoja acheke. Hakununua kitu. Alikuja kusema hiyo tu, akatoka.

Tumeuza! Dada yangu analala juu ya simenti, na mimi nimeuza!

Mwavita alikuwa barazani, alisikia. Akaingia, akanipangia makufuli yaliyokuwa tayari yamepangwa. "Achana naye," akasema. "Huyo muke wake amemukimbia." Nikacheka. Leo nilihitaji kucheka kuliko kula.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Bukavu nayo imeanguka, wiki iliyopita. Mji umejaa waliokimbia. Wanalala makanisani, madarasani. Na kila mgeni sasa ni jasusi, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Katikati ya haya yote, Okito akaitisha mkutano wa plani! Axel yuko Kinshasa. Kwa hiyo hakukuwa na chaki wala mbegu. Ni Okito na sisi.

Alisema: kwa sababu ya usalama, komite itabaki na wakaaji wa kweli. Wakuyakuya wapumzike kwanza. Watu wa kuja, yaani. Alisema "wapumzike" huku ananitazama kwa upole, kama nesi anayekuambia geuka nikuchome sindano.

Nikasimama.

"Shefu, mkaaji ni nani?"

Hakukawia. Nadhani alikuwa ameliandaa. "Mukaaji ni muntu iko na makaburi yake hapa."

Watu wakaguna kwa kukubali. Ee, neno zuri, neno la kiume. Niliwangoja wanyamaze.

"Basi mimi nina kaburi. Dieumerci. Alikuwa na miaka minne. Liko nyuma ya shule. Wengi wenu mulikuja kuzika."

Mtu mmoja alivua kofia. Nikadhani nimeshinda. Kila mara mimi ninadhani nimeshinda!

Halafu ikaja sauti kutoka nyuma, ya mzee mmoja. Haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa sauti ya kufundisha.

"Mama, kaburi ya mutoto haiko kaburi ya babu. Mutoto, yeye alikufa paka njiani."

Njiani tu.

Nilimtafuta Mwavita. Alikuwa mstari wa mbele yangu, ningeweza kumgusa bega. Sikutaka hotuba. Nilitaka neno moja: yule mutoto ninamujua. Basi. Alikuwa ameinama juu ya kandambili zake. Anachokoa udongo kwenye soli kwa ukucha. Polepole, kwa makini, kama kazi aliyotumwa.

Nikatoka. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na hakuna aliyenifuata.

Jumapili, 23 Februari 2025

Baada ya misa nilienda nyuma ya shule. Majani yameota. Nikayang'oa. Sikulia. Jean-Bosco akanifuata na panga, akafyeka upande wa pili. Hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema — ningepata mtu wa kugombana naye.

Jumatano, 12 Machi 2025

Mwavita amechukua kiti changu kwenye komite. Wateja wawili wameniletea habari hiyo, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walikuwa na uso ule wa kunihurumia kwa furaha.

Mchana akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni, akapiga hodi! Mwavita, hodi!

"Dada, wangeweka muntu wa Okito. Ningefanya nini?"

"Ungetaja jina la Dieumerci."

Halafu akaniambia jambo ambalo hajaniambia miaka yote hii. Ni la shamba. Wakati wa vita ile ingine, mji ulikuwa umefungwa. Askari ndani, wapiganaji wa Mai-Mai msituni, hakuna ruhusa ya kutoka kwenda kulima. Watu walikula majani ambayo mbuzi wanayaacha. Yeye na mdogo wake wa kike walitoroka alfajiri kwenda kung'oa mihogo. Alirudi yeye peke yake. "Mudogo wangu iko pale. Nilimufukia pale pale, na mikono. Hatukupata siku ya kumuhamisha." Alikuwa anaongea na kaunta, si na mimi. "Okito aliniambia: kaa kwa komite, weka sahihi, shamba yako haitaguswa. Ningekataa, dada? Weye ungekataa?"

Ningemshika mkono. Mtu mwema angemshika mkono. Mimi nilisema:

"Kumbe wa kwako ana kaburi. Wangu alikufa njiani."

Alitoka, akabeba mabeseni yake. Sasa anauzia mbele ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Ninamwona kutwa. Naye ananiona.

Baraza langu limekuwa kubwa mno.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Nina hasira, angalia kalamu ilivyotoboa karatasi.

Leo plani imerudi, na mihuri yake. Waliweka hema, viti vya plastiki, spika za muziki. Mkutano wa watu wote, hakuna wa kunifukuza, nikaenda. Na kitu cha kwanza nilichokiona, kikubwa kama ukuta wa nyumba, kimefungwa kwa kamba kati ya miti miwili: mimi! Ile picha ya Desemba. Meno yote nje, mahindi kiganjani. Na chini yangu maneno: WAKAAJI WAMECHAGUA.

Mkaaji! Kwenye kitambaa mimi ni mkaaji.

Axel akasoma. Amekonda. Soko haliendi konsesioni. Soko litakaa pale kwenye mstari wa maduka yetu. Maduka yatavunjwa, na wenye maduka wataomba nafasi ndani ya soko "kwa kufuata masharti". Mbele ya soko rompwe kubwa ya kuzungusha magari, na sanamu katikati. Magari gani? Njia-Mbili nzima iko na gari ya padri tu! Maji: faze ya pili, yaani awamu ya baadaye. Dispanseri: faze ya pili. Vyoo vya wanawake vyenye milango, vile tulivyovigombania siku nzima — sikusikia hata vikitajwa.

Na konsesioni? Imepakwa rangi ya kijani. "Uwekezaji."

Nikanyoosha mkono. "Nani aliweka kokoto kwa ajili ya rompwe?" Wachache wakacheka. Axel akajibu kwamba maoni yote yamezingatiwa katika muhtasari. Alijibu kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa, kwa watu wa sombe na mkaa! Wakampigia makofi. Mwavita alikuwa meza ya mbele na komite, amevaa tisheti. Yeye hakupiga makofi. Nimeliona hilo, na sikutaka kuliona.

Nikirudi nilipita konsesioni. Ukuta umeshapita kimo cha mtu, na una mlango wa chuma. Kando ya ukuta mifuko mitupu ya simenti inapeperuka. Niligeuza mmoja kwa mguu. Una alama ya duka langu, ile ninayoandika kwa makaa.

Kwa hiyo yule mwalimu alisema kweli kidogo. Kitu niliuza.

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Axel alikuja dukani, eti anatafuta kufuli. Alichagua muda mrefu kufuli moja.

"Mama, niliandika kila kitu mulisema. Ilipanda vizuri. Ikashuka ingine."

"Na sahihi yako?"

"Iko."

"Basi."

Akasema ana mke, kontra yake ya kazi inaisha Juni, akikataa watamweka mwingine ambaye hata mbegu hatagawa. Akaomba nimwelewe. Nilimwelewa vizuri sana. Siku hizi ninawaelewa watu wote, hilo njo linanichosha. Nikamwuzia kufuli.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Misalaba. Wamepita asubuhi na ndoo ya rangi nyekundu, msalaba mmoja kwa kila duka. Wetu wameuweka juu ya mlango, rangi ikachuruzika mpaka kizingitini. Jean-Bosco alichukua petroli na kitambaa, akasugua. Akasugua zaidi. Msalaba ukapotea, kikabaki kitu kipana chekundu, kibaya kuliko msalaba.

Anasema twende Kisangani kwa Annie, kwa barabara ya Lubutu. Ana binamu kule Obokote, atatupokea njiani. Nilimwuliza: na Dieumerci?

"Yeye plani haimuguse," akasema. Halafu akaanza kulia. Jean-Bosco! Amesimama wima, kitambaa cha petroli mkononi, bega linaruka. Sikujua niweke wapi macho yangu.

Wanande wengine wa mstari wetu wameanza kufungasha. Hakuna anayepiga kelele. Watu wetu wanajua kufungasha. Nadhani tunazaliwa tunajua.

Jumapili, 8 Juni 2025

Mwavita. Mchana, jua kali, nilikuwa ninahesabu vitasa. Sikumkaribisha kiti, akakaa juu ya boksi.

"Nitakupa pembe ya shamba," akasema. "Ile ya barabarani. Mujenge pale."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Okito atasema nini?"

"Aseme."

"Watakuuliza ju ya nini umepa mukuyakuya."

"Waulize."

Nilimwangalia. Amezeeka tangu Februari. Au ni mimi niliyekuwa simwangalii. Nikamwuliza kile ambacho nimekaa nacho kooni miezi yote hii: ju ya nini hukusema siku ile?

"Niliogopa."

Paka hiyo, hiyo tu. Samahani hakusema. Na mimi nilikuwa nimeingoja hiyo samahani, nimeiandalia majibu, kila jibu na makali yake! Sasa nifanye nayo nini?

Basi nikayasema hata hivyo. Nilimwambia sitaki sadaka. Nilimwambia alinitoa mbele ya watu na sasa anataka kunirudisha kwa mlango wa nyuma, kwenye mihogo. Nilimwambia tunaenda Kisangani, mji wenye watu. Nilisema mengi, na sauti ilipanda mpaka mpita njia akasimama. Yeye alisikiliza yote, mikono mapajani. Halafu akainuka, akakunja kitenge chake.

"Mudogo wangu haiko upande wa barabara. Yeye iko upande wa mto. Mukichimba musingi, musiogope."

Akaenda.

Jean-Bosco sijamwambia.

Jumanne, 10 Juni 2025

Mashine imefika. Walisema wiki ijayo — ni leo! Ya manjano, imesimama mbele ya duka la kwanza, dreva wake anakula mikate kwanza. Akimaliza kula ataanza. Sisi ni duka la tano.

Jean-Bosco yuko juu ya paa, anang'oa mabati. Ninayapokea chini. Nimejikata kiganja, nimefunga kitambaa, nimekaa juu ya boksi ya misumari nipumzike kidogo. Lori la Lubutu linaondoka kesho, Jean-Bosco amekwisha shika nafasi zetu. Sijui kwa nini ninaandika. Nikiacha kuandika itabidi niinuke.

Nimemwambia sasa hivi habari ya shamba. Nimemwambia kutoka huku chini, kwa kupaza sauti, kwa Kinande, watu wasielewe. Nyundo ikanyamaza. Aliinama kwenye ukingo wa paa nikaona uso wake umejaa kutu.

"Wewe unataka?" akaniuliza.

Kuhama Lubero aliamua yeye. Kuja Kindu, yeye. Hajaniuliza hivyo hata siku moja. Nikakaza kitambaa cha kiganja. Nyundo ikaanza tena.

Watu wa komite wako chini ya kivuli cha duka la dawa. Okito anaongea na simu. Na Mwavita —

Mwavita anavuka barabara. Anapita mbele ya mashine, dreva anaacha kutafuna. Wote wanamwona. Amefika kwenye rundo letu la mabati. Ameinama, ameshika ncha ya bati lile refu la juu, ameliinua. Linapindika katikati, ncha ya pili bado iko udongoni. Amesimama hivyo, ameshika. Haniangalii. Anaangalia ile ncha ya chini, anangoja niinue.

Okito anamwita jina. Hageuki.

Jean-Bosco anauliza kutoka juu: tunarundika kwa lori ao kwa shamba? Mama Annie! Kwa lori ao kwa shamba?

Okito anaita tena, sasa kwa ukali. Amevuka nusu ya barabara. Bati hili limekaa juani tangu asubuhi, linachoma, vidole vyake ninaviona, anavibadilisha kimoja kimoja, haachii —